Sura ya Baba kwenye inchi 55

Mwenzenu nilinunua TV. Najua hiyo si habari, watu wananunua TV Kariakoo kila siku na hawamsumbui mtu. Lakini hii nilimnunulia Mama, nikaipandisha basi hadi Morogoro Krismasi ya 2024, na yaliyotokea sebuleni kwetu siku ile bado yananizunguka kichwani. Kaa vizuri basi, ni mkasa mrefu kidogo.

Kwanza nikwambie picha zilikaa wapi nyumbani kwetu Kihonda. Tulikuwa na TV ya chogo. Kama umekulia kwenye nyumba ya mwalimu wa sekondari unaijua vizuri: chogo limekwenda nyuma hadi linagusa ukuta, juu yake kitambaa cheupe alichofuma Mama, juu ya kitambaa ua la plastiki, na kandokando ya ua picha za familia kwenye fremu. Baba na Mama siku ya harusi. Mimi na kaptula yangu siku ya kwanza ya shule. Mdogo wangu wa kike akilia kwa sababu ambayo hakuna anayeikumbuka. Ukitazama taarifa ya habari, unawatazama na wao. Kisha zikaja TV bapa, na TV bapa haina mgongo wa kubebea mtu. Fremu zikahamia kwenye shokesi, nyuma ya vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kunywea, na picha mpya zikahamia kwenye simu. Sijasikia mtu akilalamikia hili. Mimi naona ndipo zilipopoteza makao.

TV niliyonunua ni ya inchi 55, ya 4K. Muuzaji aliniwekea video ya kasuku, unaweza kumhesabia manyoya moja moja, nikajisikia na mimi ni mtu mzima mwenye mshahara.

Siku ya Krismasi, baada ya pilau, sebule ilikuwa imejaa: baba mdogo na familia yake kutoka Kilosa, shangazi, binamu zangu wanne, majirani wawili. Baba mdogo ndiye aliyeanzisha. "Mwanangu, TV kubwa namna hii tunaangalia matangazo tu? Hebu tuwekee picha zetu." Wazo zuri. Nilikuwa na flashi yenye picha za familia nilizozikusanya kwa miaka, nyingi kutoka kwenye grupu letu la WhatsApp. Nikaichomeka ubavuni mwa TV.

Picha ya kwanza niliipiga mwenyewe asubuhi ile kwa simu, watoto wakitoka kanisani. Jamani! Sebule nzima ililipuka. Unaona ua kwenye kiatu cha mtoto, unaona vumbi la Kihonda kwenye soksi, unaona kabisa kwamba binamu yangu wa mwisho alikuwa ameshaanza kula keki kabla ya ibada kwisha. Ya pili ikaja imelala ubavu. Baba mdogo akapinda shingo kuitazama, watoto wote wakampinda shingo pia. (Simu mara nyingi haiigeuzi picha yenyewe, inaandika tu ndani ya faili kwamba hii isimamishwe hivi, na baadhi ya TV hazisomi maandishi hayo.) Ya tatu ilikuwa ya Baba.

Sijui niielezeje. Kwenye simu ile picha ni nzuri, nimekaa nayo miaka mitano. Baba amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, shati la bluu, anacheka kidogo. Kwenye inchi 55 hakuwa Baba. Macho yalikuwa mashimo mawili ya kahawia, meno mstari mmoja mweupe, mashavu yamelainika kama yamepakwa siagi, na kando ya masikio vijisanduku vijisanduku. Watu wakanyamaza. Shangazi akauliza kwa sauti ya chini kama TV imeharibika.

"TV nzima hiyo," Mama akasema. Akanyanyuka akaenda jikoni, na jikoni hapakuwa na kazi yoyote, vyombo vilikuwa vimeshaoshwa.

Inabidi nirudi nyuma. Baba alifariki Agosti 2019, wiki chache baada ya mimi kufanya mtihani wa mwisho chuo kikuu. Msiba unavyokuwa mnaujua: kamati, turubai, viti vya kukodi, na mtu mmoja anapewa kazi ya picha. Nikapewa mimi, kwa sababu nilisomea uandishi wa habari na wazee wanadhani ni kitu kilekile. Ilitakiwa picha kubwa ya kuweka mezani pembeni ya jeneza. Nikapekua simu yangu, nikaipata hiyo ya kiti cha plastiki. Binamu yangu aliikata kutoka kwenye picha ya watu wengi, akairusha kwenye grupu. Nikaipeleka kwa watu wa picha mjini, sitawataja. Kijana akaitazama kwenye kompyuta, akaguna, akasema "itakubali". Akamtoa Baba kwenye kiti, akamwekea mawingu ya bluu nyuma, akamsafisha uso. Jioni nikachukua fremu.

Watu waliniambia imependeza. Mama hakusema kitu. Baada ya maziko fremu ile haikupanda ukutani hata siku moja. Iliwekwa nyuma ya kabati la nguo chumbani kwa Mama, imegeuziwa ukutani, na mimi miaka yote mitano nilijiambia ni uchungu, kwamba siku uchungu ukipungua ataitoa. Naishi kwa kuuliza watu maswali, mawaziri na wezi wa mifugo, lakini mama yangu sikuwahi kumuuliza.

Usiku ule wa Krismasi, wageni wameshaondoka, nikamuuliza. Alinijibu huku anaendelea kukunja vitambaa vya meza.

"Yule siye. Mlinipa mwanaume mwingine nimlilie."

Basi nikarudi Dar na neno hilo.

Kwenye chumba chetu cha habari kuna mpiga picha mmoja wa siku nyingi, alianza kazi enzi za filamu na chumba cha giza. Vijana tunamwita Mzee wa Lenzi. Nikamfuata mezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amekataa picha yako tena?"

Nikamfungulia faili ya Baba. Hakuitazama sura kwanza, alitazama namba. Faili nzima ilikuwa na pikseli 480 kwa 640. Kisha akavuta panya kutoka sikio hadi sikio, akapima uso: pikseli 110. Akanitazama juu ya miwani. "Na hii ndiyo mliweka msibani?"

Nitawaelezea alivyonielezea, maana hadi siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nasema "picha ina ubora" kama mtu anayesifu chai. Pikseli ni punje. Picha ya kidijitali ni punje zilizopangwa kwa mistari, kila moja na rangi yake moja, na skrini nayo ni hivyo hivyo. TV ya 4K ina punje 3,840 kwa upana na 2,160 kwa urefu, jumla 8,294,400. Full HD ina 1,920 kwa 1,080, yaani robo ya hizo. Sasa picha ya Baba ilikuwa ya kusimama, kwa hiyo kwenye TV ilichukua urefu wote na upana wa punje 1,620 hivi, kulia na kushoto pakabaki peusi. Eneo hilo ni punje karibu milioni tatu na nusu. Faili ilileta 307,200. TV haiwezi kuacha nafasi wazi, kwa hiyo inakisia. Inatazama punje hii na jirani yake, inabuni za katikati. Tulipiga hesabu kwa kikokotoo cha simu: kwa kila punje moja iliyotoka kwa Baba, TV iliongeza kumi za kwake. Sebule nzima tulikuwa tunatazama makisio.

"Na kwenye fremu?" nikauliza, ingawa nilishaanza kuogopa jibu. Pale uso ulitanuliwa hadi sentimita 20 hivi. Pikseli 110 kwenye sentimita 20 ni nukta 14 kwa inchi. Gazeti letu, lenye karatasi inayoishia kufungia vitumbua, picha ikiwa chini ya nukta 200 kwa inchi watu wa kurasa wanaanza kunung'unika. Kwa hiyo yule kijana wa mjini hakuwa na cha kutanua. Alichokifanya ni kuchora. Alilainisha palipokosekana ngozi, akakoleza nyusi, akamaliza kazi kabla ya saa kumi na moja. Siwezi kumlaumu sana. Ningemwachia picha nzuri angechapa picha nzuri.

Nikauliza basi kwa nini kwenye simu inapendeza. Kwa sababu simu ni ndogo, mzee akasema, punje zimebanana jicho haliwezi kuzitenganisha. Hapa kuna jambo lililonishangaza. Kinachofanya picha ionekane kali si wingi wa punje tu, ni zimebanana kiasi gani na wewe umekaa umbali gani. TV yangu ya inchi 55 yenye mamilioni yake ina punje 80 kwa inchi. Kompyuta kuukuu ya mezani kwangu ofisini, inchi 24, Full HD ya kawaida, ina 92. Kompyuta mpakato ya inchi 14 yenye Full HD ina 157. Na jicho zima la binadamu, kwa TV kama yangu, linaacha kuona punje moja moja ukisogea mbali zaidi ya mita moja na kitu. Ukikaa kwenye kochi mita tatu kutoka kwenye TV, hiyo 4K na Full HD ya ukubwa uleule huwezi kuzitofautisha kwa punje peke yake. Kasuku wa Kariakoo nilimtazama nikiwa nusu mita kutoka kwenye kioo! Fikiria nilivyobembelezwa.

Mzee akipata msikilizaji hanyamazi, na mimi ni msikilizaji kwa mshahara. Akanisimulia kwamba kamera ya kwanza kabisa ya kidijitali, aliyoiunda mhandisi Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu. Picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa kwenye kaseti. Na kuiona walihitaji nini? TV. Kwa hiyo kutazama picha kwenye TV kumezaliwa siku moja na kamera ya kidijitali yenyewe. Halafu mwaka 1992 Kodak haohao wakaleta sahani walizoziita Photo CD: unapeleka filamu yako, wanaiskani, unarudi nayo nyumbani uitazame sebuleni. Kwa ajili ya TV za wakati ule walitumia ukubwa wa pikseli 768 kwa 512. Lakini ndani ya sahani hiyohiyo waliweka pia ukubwa wa 3,072 kwa 2,048, punje zaidi ya milioni sita, wakati hakuna TV ya nyumbani duniani iliyoweza kuzionyesha. Tanzania Bara mwaka huo hatukuwa hata na kituo cha televisheni, ITV ilianza 1994.

"Kwa nini waliweka kubwa hivyo?" nikauliza.

"Kwa sababu filamu ilikuwa nazo," akasema. Kisha akaniuliza swali ambalo lingenisaidia mwaka 2019. "Negativu za baba yako ziko wapi?"

Nikampigia Mama. Nilitegemea aniambie zilitupwa siku nyingi. "Ziko kwenye tranka," akasema, kama vile nimemuuliza chumvi iko wapi. "Si mliambiwa msizitupe, mtu akitaka kusafisha nyingine?" Kwa wadogo zangu ambao hamjawahi kuona: zamani ukisafisha picha studio unapewa bahasha, upande mmoja picha, upande wa pili vipande vya filamu yenyewe, rangi ya machungwa, watu wamegeuka, meno meusi na nywele nyeupe. Wengi wetu tulizichezea, tukatazamia jua. Baba alikuwa na Yashica ndogo aliyoinunua kabla sijazaliwa. Ndani ya tranka kulikuwa na bahasha kumi na mbili.

Nilizifuata mwisho wa wiki ile ile. Mzee ana skana ya zamani yenye taa kwenye kifuniko, maana negativu haisomwi kwa mwanga unaodunda bali kwa mwanga unaopenya. Tulikaa kwake Jumamosi nzima. Kazi yenyewe inachosha: unapuliza vumbi, unapanga kipande, unasubiri, unapuliza tena. Unywele mmoja ulioangukia kwenye filamu, kwenye TV utakuwa mrefu kama kamba ya kuanikia nguo.

Sasa sikiliza hesabu hii. Fremu moja ya filamu ile ya kawaida ina milimita 36 kwa 24. Ukiiskani kwa nukta 2,400 kwa inchi, unapata faili ya pikseli 3,402 kwa 2,268. Itazame vizuri hiyo namba. Punje milioni 7.7! Inajaza urefu wote wa TV ya 4K na chenji inabaki. Picha iliyopigwa Kihonda mwaka 1997, kwa kamera ya bei ya mwalimu, imekaa kwenye tranka miaka yote hiyo ikisubiri TV ya kuionyesha. Nilipomwambia mzee hivyo alicheka, akasema nisiipambe, lenzi ya Yashica nayo ina mwisho wake na si kila punje kati ya hizo imebeba kitu kipya, nyingine ni chembechembe za filamu tu. Sawa. Lakini nilichokuwa nacho mimi kilikuwa uso wa pikseli 110.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo linaloniudhi mpaka leo. Nilichukua picha zote za familia yetu nikazipanga kwa miaka. Za miaka ya tisini, kutoka kwenye negativu, kali. Za kuanzia 2019 hivi, kutoka kwenye simu zetu wenyewe, kali pia, megapikseli 12 na kuendelea. Katikati ni ukungu. Kuna za kamera ya kidijitali ya jirani ya mwaka 2006, pikseli 1,600 kwa 1,200, ambazo hata Full HD haizijazi kwa upana. Kuna za simu za mwanzo, 640 kwa 480. Kuna za WhatsApp zilizotumwa, zikapakuliwa, zikatumwa tena, kila safari zikibanwa upya. Ubora wa HD kwenye WhatsApp ulikuja Agosti 2023, Baba ana miaka minne kaburini. Kabla ya hapo ungeweza kutuma picha kama waraka ikafika nzima, lakini nani alikuwa anajua? Picha halisi ya watu wengi, aliyokatwa Baba kutoka kwayo, ilikuwa kwenye simu ya binamu yangu, na simu iliibiwa Ubungo. Kwa hiyo mimi nikiwa mtoto mgongoni naonekana vizuri, nikiwa kidato cha nne ni kivuli, na Baba katika miaka yake kumi na mitano ya mwisho, miaka ambayo mimi ndiyo ninayoikumbuka, ndiyo hiyo ya ukungu. Tulifurahi sana kuachana na filamu. Tulisema picha sasa ni bure.

Pasaka ya 2025 nikarudi Morogoro na flashi mpya. Safari hii sikualika mtu, tulikuwa Mama, mdogo wangu na mimi.

Kabla sijawasha nilikaa na rimoti nusu saa, mdogo wangu akinicheka. TV nyingi zinatoka dukani zikiwa zimewekewa rangi za kushindana na TV za jirani kwenye rafu, bluu kali, mwanga wa juu kabisa. Kasuku anapendeza. Sisi weusi tunageuka wekundu kama tumechemshwa, au bluu kama tumekufa. Ukihamia kwenye hali ya sinema rangi zinatulia, zinakaribia alichokiona mpiga picha. Pia nilishusha ule ukali wa kuongezwa hadi karibu na sifuri, kwa sababu hauongezi kitu, unachora mstari mweupe kuzunguka kila sikio. Na nikazima kile kitabia cha TV kukata kingo za picha, kilichorithiwa kutoka kwenye TV za chogo. Mambo ya rimoti tu, hakuna aliyetufundisha.

Rangi ya ngozi, hata hivyo, haikuanza kuharibiwa na TV. Kwa miongo mingi kadi ambazo mashine za kusafisha picha zilipangiwa rangi zilikuwa na picha ya mwanamke mmoja mzungu, wenyewe waliziita kadi za Shirley. Rangi ikikaa sawa kwake, kazi imekwisha. Inasimuliwa na watu wa Kodak wenyewe kwamba miongoni mwa waliolalamika hadi filamu ikaboreshwa rangi za kahawia ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Chokoleti! Kwa hiyo nilipokuwa nageuza negativu ya Baba kwenye kompyuta, nikiondoa ile rangi ya machungwa, nilikuwa na picha ya Shirley kichwani na hofu ya kumfanya Baba mwekundu. Nilimpangia rangi kwa kutazama mkono wangu mwenyewe chini ya dirisha. Watu wanasema nimemfuata yeye.

Basi nikaweka.

Baba amesimama mbele ya ukuta wa matofali ambao haujapigwa plasta, anaonekana kuanzia magotini kwenda juu, mkono mmoja ameushika usukani wa baiskeli ya Phoenix. Amekunja uso kwa sababu ya jua. Mfukoni mwa shati kalamu mbili, moja kifuniko kimetafunwa. Chaki kwenye mkunjo wa shati. Ana miaka michache tu zaidi yangu.

Mama alikuwa kwenye kochi. Hakusema kitu. Kisha akasimama, akaenda hadi mbele ya TV, karibu kabisa, pale ambapo mzee aliniambia ndipo tofauti inapoonekana. Akanyoosha kidole akagusa kioo, juu ya jicho la kushoto.

"Hili," akasema.

Kovu. Linaanzia katikati ya nyusi linapanda kuelekea nywele, kama urefu wa nusu ya kidole. Alianguka na baiskeli hiyohiyo mtelemko wa kwenda shuleni kwake, kabla hawajaoana. Mdogo wangu akasema, "Eeh, kovu la Baba," kama mtu aliyekutana na jirani sokoni.

Mimi nilikuwa nimelisahau.

Naomba mnielewe. Niliishi na yule mtu miaka ishirini na miwili. Nilikaa mbele yake mezani, alinifundisha kugawanya, aliwahi kunichapa nikiwa namtazama usoni. Lile kovu lilikuwa pale siku zote. Lakini kwenye ile picha ya kiti cha plastiki halikuwepo, punje hazikutosha kulibeba, na hata zingetosha kijana wa mjini angelisafisha. Miaka mitano nikawa namtazama Baba kwenye simu, kila nikimkumbuka nafungua simu, na kidogo kidogo yule wa kwenye simu akakaa mahali pa huyu. Mama yeye hakuwa na ile picha. Hakuitaka. Ndiyo maana alikuwa bado anamjua.

Nilikaa kimya, nikajifanya natafuta kitu kwenye rimoti.

"Nani alipiga?" mdogo wangu akauliza. Mama akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akaonyesha ukutani kando ya baiskeli, kuna kivuli. Kichwa, viwiko viwili vimeinuliwa, na nyuma uvimbe kama gunia. "Huyu ni mimi. Na huyo mgongoni ni kaka yako, alikuwa na homa, hakutaka kushushwa."

Picha ile kwenye chapa ya zamani nimeiona mara mia. Kivuli nilidhani ni cha mti.

Tulichapa nyingine. Mzee alinikataza kumtanua Baba, akasema faili ile kwa nukta 300 kwa inchi inatoa karibu ukubwa wa karatasi ya A4, niishie hapo. Uso unakuwa mdogo, wageni itabidi wausogelee. Mama akaitoa ile fremu ya msiba nyuma ya kabati, akafuta vumbi, akatoa mawingu ya bluu. Fremu ni kubwa kuliko picha, kwa hiyo mdogo wangu alikata kadi nyeupe ya kuzunguka. Imepanda ukutani juu ya TV. Mawingu ya bluu sijui aliyapeleka wapi, sikuuliza.

Bahasha kumi na moja bado. Nimeshaskani tatu. Kwenye ile ya tatu kuna mwanamke mwenye gauni la maua amesimama na Baba mbele ya stesheni ya reli, anacheka hadi magego yanaonekana, na Mama anasema hamjui. Anasema kwa utulivu kabisa. Shangazi anakuja Jumamosi, tutamwekea aangalie.